Kondoo wangu wanamaliza viroba vya maganda ya matunda kila siku, lakini hawanenepi. Kosa liko wapi?

#1 Zizi la Chanika

Habari zenu wakuu.

Ninafuga kondoo kumi na mmoja hapa Chanika, wengi wao wekundu wa Kimasai, niliowanunua mnadani Pugu. Tangu eneo nililokuwa nikichungia nyuma ya nyumba lijengwe lote, nimekuwa nikiwalisha maganda ya matunda ninayokusanyiwa kwa wauza juisi na wauza matunda ya kukata kuanzia Gongo la Mboto hadi Buguruni. Kila alasiri guta huniletea viroba viwili, ambavyo nanasi ndilo lililojaa zaidi, likifuatiwa na tikiti, machungwa, embe kwa msimu wake, papai na ndizi kidogo. Kiroba kimoja nakikadiria kuwa kilo 30.

Wanayala kwa pupa. Hukimbilia hori kabla sijamimina, na giza linapoingia hori huwa jeupe. Hata hivyo, nilipowapima kwa mizani ya kuning'iniza wastani ulikuwa kilo 24, na nilipowapima tena baada ya miezi miwili wastani ulikuwa kilo 24 na nusu. Manyoya yamefifia, na kinyesi ambacho zamani kilikuwa kama gololi sasa ni laini. Hakuna aliyekufa wala anayekohoa.

Naamini kwamba maganda haya ni chakula, na huniuma kuyaona yakipandishwa kwenye malori ya taka kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi wakati mifugo ya mjini haina majani. Nisichokielewa ni namna mnyama anavyoweza kula hivyo na asiongezeke. Mwenye ujuzi au aliyepitia hali hii naomba anieleze.

#2 Mbuzi Tu

Mkuu, kosa lako ni moja, nalo ni kununua kondoo badala ya mbuzi.

Baada ya utani huo, nakupa ninachokiona zizini kwangu Kivule. Mbuzi wangu tisa wanakula maganda hayo hayo na wana afya nzuri, lakini asubuhi nawafungulia na wanavua majani ya kila ua wa jirani. Maganda ni nyongeza ya jioni tu. Sijawahi kujaribu kumlisha mnyama maganda peke yake.

#3 Hesabu Kwanza

Naomba tuanze na maji. Ukichukua kilo 100 za maganda mabichi ya nanasi na tikiti ukayakausha kabisa, utabaki na kilo 10 hadi 15 za chakula, na tikiti likizidi utapata chini ya hapo. Kondoo anahitaji uzito mkavu usiopungua asilimia 3 ya uzito wa mwili wake kwa siku, na anayekua anapaswa kusogea kuelekea asilimia 4. Wa kilo 24 anahitaji gramu 720 kwa uchache kabisa, kwa hiyo akila maganda peke yake inampasa ameze kilo 5 hadi 7 kila siku, jambo ambalo hata tumbo lake litalikataa. Kondoo wako wanakimbilia hori kwa sababu wana njaa, nao wanaondoka na njaa kwa sababu wamejazwa maji. Sioni haja ya kutafuta maelezo mengine.

#4 Binti Mifugo

Asante, Hesabu Kwanza, ila hesabu umeiacha njiani. Mleta uzi ametaja kilo 60 kwa siku. Tukichukua asilimia 13 iwe sehemu kavu, tunapata kilo 7.8, na kwa kondoo kumi na mmoja kila mmoja anapata gramu 700 hivi. Hizo zimekaribia sana kiwango cha chini ulichokitaja wewe mwenyewe, kwa hiyo maji peke yake hayawezi kueleza miezi miwili ya kudumaa.

Nimesomea mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na ninafanya kazi ya ushauri kwa wafugaji wadogo. Jambo la kwanza ambalo ningeliangalia ni protini. Kondoo hatumii chakula moja kwa moja kama sisi. Sehemu ya kwanza ya tumbo lake, rumeni, ni kama pipa kubwa lenye bakteria wengi wanaochachusha nyuzi na sukari, na bakteria hao ndio wanaomlisha yeye. Ili wazaliane wanahitaji nitrojeni, inayotokana hasa na protini ya chakula. Maganda ya nanasi, embe na machungwa kwa kawaida yana protini ya asilimia 4 hadi 7 ya uzito mkavu. Inaposhuka chini ya 7 au 8 bakteria hupungua, usagaji hufifia, na mnyama hubaki na tumbo lililojaa huku misuli haijengeki. Kondoo anayekua anahitaji asilimia 12 hadi 14.

Kwa gramu zake 700 zenye protini ya asilimia 6, kila kondoo anapata gramu 42 za protini. Kwa asilimia 12 angepata gramu 84. Huo ndio upungufu ninaouona, nao ni nusu nzima ya mahitaji. Mpe kila mmoja gramu 100 hadi 150 za mashudu ya alizeti kwa siku, au majani ya mti wa lukina yasiyozidi theluthi moja ya chakula chote kwa sababu yana sumu iitwayo mimosini, au mabaki ya matembele kutoka sokoni.

#5 Mtu wa Muheza

Salaam. Nimezaliwa kwenye machungwa Muheza na sasa ninaishi Mbagala, kwa hiyo naomba nisemee tunda ninalolijua. Kwetu ng'ombe na kondoo waliokula machungwa mengi yaliyoanguka chini ya miti waliharisha na kukonda. Machungwa ni machachu, nanasi ni chachu, na mleta uzi mwenyewe amesema kinyesi ni laini. Naona uchachu wa matunda unaharibu tumbo. Protini na maji ni mambo ya baadaye.

#6 Binti Mifugo

Ulichokiona chini ya miti ni kweli, lakini sababu ni tofauti kidogo, nayo inafaa tuiweke sawa. Asidi inayofanya chungwa liwe chachu mdomoni huvunjwa na bakteria wa rumeni bila shida kubwa. Kinachodhuru ni sukari. Mnyama asiyezoea akimeza sukari nyingi kwa mkupuo mmoja, baadhi ya bakteria huichachusha haraka na kutoa asidi ya laktiki, pH ya tumbo (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) inashuka chini ya 5.5 wakati kawaida yake ni kati ya 6 na 7, na bakteria wanaosaga nyuzi hufa. Mnyama huacha kucheua, kinyesi hulegea, na hali ikiwa kali hufa. Tunda zima lililoanguka lina sukari nyingi kuliko ganda lililomenywa. Tena ganda la chungwa lina pektini kwa wingi, aina ya nyuzi laini ambayo huchachuka vizuri bila kutoa asidi ya laktiki kama sukari na wanga vinavyofanya.

Chungwa lina jambo lake jingine. Mafuta ya ganda yana limoneni, ambayo ni kali kwa harufu na ladha, na kondoo wengi hulikataa siku za mwanzo hadi walizoee.

#7 Mtu wa Muheza

Nimekuelewa, na nashukuru kwa kunisahihisha. Ila bado tumerudi pale pale: nanasi linamenywa pamoja na nyama, na kiini chake hutupwa humo humo, kwa hiyo sukari ipo. Na viroba viwili vinamiminwa kwa mara moja.

#8 Mzee wa Pugu

Vijana, mnapiga hesabu za hori na hakuna aliyemfunua kondoo kope.

Nimekuwa dalali mnadani Pugu kwa miaka mingi, na kondoo anayekula asinenepe tunamwona kila wiki. Kwanza, mwangalie ndani ya kope la chini. Ukikuta weupe badala ya wekundu, huyo ana minyoo inayofyonza damu tumboni, na hata ukimlisha mashudu utakuwa unawalisha minyoo. Kondoo wekundu wa Kimasai wanaivumilia minyoo kuliko aina nyingine, lakini kuvumilia si kutoambukizwa, na Dar es Salaam ina unyevunyevu ambao huko Simanjiro haupo. Pili, mwangalie meno ya mbele. Mwanakondoo ana meno madogo ya maziwa. Anapopita mwaka mmoja hung'oa jozi ya kwanza na kuota makubwa mawili, kisha jozi nyingine, mpaka anapofika miaka minne hivi ana meno manane makubwa. Kama ulinunua majike ya meno manane, umri wa kukua umeshawapita, na hakuna ganda litakalowafanya wakue tena.

#9 Juisi ya Buguruni

Wakuu, ninauza juisi, na mimi ni mmoja wa wanaotoa maganda kwa wafugaji, ingawa sijui kama mleta uzi ni mteja wangu. Nataka mfahamu yanavyokaa kabla hayajawafikia.

Tunaanza kumenya saa kumi na mbili asubuhi. Maganda yanaingia kwenye kiroba na kiroba kinakaa juani hadi alasiri, kikiwa kimefungwa mdomo kwa ajili ya nzi. Mwezi wa pili kiroba kinafuka moto, na ukikifungua unasikia harufu ya pombe. Ninayotoa jioni yameanza kuchachuka, na yakilala hadi kesho yana ukungu. Nikisikia mtu analisha mifugo maganda ya jana huwa namkataza.

Pia mjue kwamba hayatolewi bure tena. Zamani tulikuwa tunamlipa mtu ayaondoe, sasa wafugaji wa nguruwe wanaacha shilingi 500 kwa kiroba.

#10 Mchinjaji wa Vingunguti

Naongezea hapo kwa muuza juisi. Humo kwenye kiroba kuna nini kingine zaidi ya maganda? Nimepasua matumbo ya kondoo wengi wa mjini na nimekuta mirija, vijiti vya meno, vifuko vya plastiki vinavyong'aa na nyuzi za viroba vyenyewe, vikiwa vimejisokota na kuwa donge gumu kama ngumi. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tumeona nafuu kubwa, lakini vifuko vidogo vya kufungashia matunda ya kukata bado vimo, na kwa kuwa vina ladha ya embe, kondoo hawezi kuvitenganisha. Donge hilo halitoki. Linakaa mahali pa chakula.

#11 Hesabu Kwanza

Mchinjaji, habari yako inatisha na inafaa kila mfugaji wa mjini aisome, ila haiendani na tulichoelezwa. Kondoo aliyezibwa na plastiki hupoteza hamu ya kula. Hawa wanamaliza hori.

Kwa hoja hiyo hiyo namrudia Binti Mifugo. Umesema protini ikipungua usagaji hufifia na tumbo hubaki limejaa. Mnyama mwenye tumbo lililojaa hapaswi kukimbilia hori. Pupa hii unaielezaje?

#12 Binti Mifugo

Swali zuri. Pupa inaweza kutokana na ladha na mazoea ya saa. Maganda yaliyoiva ni matamu, na kondoo aliyekaa tangu asubuhi bila kitu akisikia guta likiingia atakimbia. Kumaliza hori ndani ya saa chache hakuthibitishi kwamba anasaga alichomeza. Lakini nakiri kwamba hoja yako ina uzito, na ningependa kujua wanakula nini asubuhi.

#13 Zizi la Chanika

Nawashukuru wote. Nimefanya mliyoniagiza.

Asubuhi hawapati kitu isipokuwa matawi machache ya mwembe. Maji nilikuwa nayapunguza kwa kudhani kwamba maganda yanatosha, na jiwe la chumvi sijawahi kuweka. Meno: majike wanne wana meno manane, waliobaki saba wana meno mawili au ya maziwa. Kope: watano wamepauka, sita wana wekundu wa kuridhisha. Plastiki: nilimwaga kiroba kimoja chote juu ya turubai na nikaokota mirija sita na vifuko vitatu.

Kilichonishtua ni mizani. Nilipima viroba kwa siku tatu, na hakuna kilichofika kilo 30. Kizito kilikuwa kilo 23 na chepesi kilo 20.

#14 Hesabu Kwanza

Basi turudi kwenye bandiko langu la #3. Tuseme kilo 44 kwa siku. Kwa asilimia 13 ni kilo 5.7 za uzito mkavu, yaani gramu 520 kwa kila kondoo. Hiyo ni asilimia 2.2 ya uzito wa mwili. Kwa kiasi hicho mnyama anaishi tu, hakui. Pupa nayo imepata maelezo yake.

#15 Binti Mifugo

Nakubali kwamba chakula ni kidogo. Sikubali kwamba kuongeza kiroba cha tatu kutamaliza tatizo, kwa sababu atakuwa ameongeza chakula kile kile chenye protini ya asilimia 6. Na chumvi, mkuu, hilo ni kosa la kurekebisha leo. Maganda ya matunda, hasa ya ndizi, yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo sana. Potasiamu ikizidi huzuia mwili kufyonza magnesiamu. Weka jiwe la chumvi lililotengenezwa kwa ajili ya kondoo, na usitumie mchanganyiko wa madini wa nguruwe, kwa sababu shaba iliyomo ambayo nguruwe anaivumilia humuua kondoo. Maji yawepo muda wote, hata kama maganda yana maji.

#16 Kijana wa Mbezi

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi nadhani tatizo ni uteuzi. Kwa nini asiongeze maganda yenye mafuta, kwa mfano ya parachichi? Wauza juisi wanayo tele, na mafuta ndiyo yanayonenepesha.

#17 Mama Kigamboni

Mwanangu, usimpe kondoo parachichi hata kidogo. Ganda, jani na kokwa lake vina sumu iitwayo persini, ambayo huharibu moyo wa kondoo na mbuzi na kuvimbisha kiwele cha anayenyonyesha. Nilipoteza jike mmoja kwa namna hiyo, aliyefungwa chini ya mparachichi, na daktari wa mifugo alipofika alinionesha matawi yaliyoguguniwa. Naomba mleta uzi amwambie mtu wa guta ayatenge yote, na kokwa za embe pia, kwa kuwa humkaba kooni.

#18 Kijana wa Mbezi

Shikamoo mama. Nimeelewa na nafuta ushauri wangu.

#19 Mama Kigamboni

Marahaba. Sasa niwaeleze ninachofanya mimi, maana nimesoma mabandiko yote na naona mnazungumza kana kwamba ganda ni lazima liliwe bichi.

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, jua likiwa kali na upepo wa kusi ukivuma, naanika maganda kwenye turubai. Nayakata vipande vidogo, nayageuza mchana mara tatu, na siku ya tatu au ya nne yanavunjika mkononi. Kiroba cha kilo 20 kinabaki kilo 3 hivi, ndipo utakapoona kwa macho yako hayo maji anayoyasema Hesabu Kwanza. Maganda makavu yanakaa miezi bila kuharibika na unaweza kuyapima kama unavyopima pumba.

Masika huwezi kuanika. Yataota ukungu, na chakula chenye ukungu nakitupa, sikichambui. Kipindi hicho nashindilia saileji, yaani malisho yanayochachushwa bila hewa, kwenye mapipa ya plastiki yenye mfuniko. Kwa kila kilo 70 za maganda mabichi naweka kilo 30 za majani makavu yaliyokatwakatwa, yakichanganywa na pumba ya mahindi kidogo. Nakanyaga mpaka hewa itoke yote, nafunika, naweka mawe juu, na siyafungui kabla ya wiki tatu. Inatoka na harufu nzuri ya uchachu, rangi ya dhahabu. Ukishindilia maganda matupu yatatoa maji, yatanuka, na utatupa pipa zima. Nilitupa mapipa mawili kabla sijajifunza.

Kondoo wangu wanapata majani makavu asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Lazima kwanza wacheue. Mate ya kucheua ndiyo yanayopoza ile asidi aliyoieleza Binti Mifugo, na ganda laini halimfanyi mnyama acheue.

#20 Binti Mifugo

Mama, uwiano wako nimeupigia hesabu, nao umekaa vizuri: kilo 70 kwa asilimia 13 na kilo 30 kwa asilimia 88 zinatoa uzito mkavu wa asilimia 35 hivi, ambao ndio unaotakiwa kwa saileji. Ulifikaje hapo?

#21 Mama Kigamboni

Kwa kukamua. Nachukua mchanganyiko kiganjani, nakunja ngumi. Maji yakichuruzika naongeza majani. Ukishikamana bila kudondosha maji, naanza kushindilia.

#22 Mbuzi Tu

Mama Kigamboni umenifanya niwaonee kondoo wivu kwa niaba ya mbuzi wangu. Naomba kuuliza, saileji hiyo inauzwa? Na je, wanaofuga kwa ajili ya Idd el-Hajj wanaitumia? Nasikia kwa baadhi ya madhehebu kondoo wa miezi sita anakubalika akiwa ameshiba vizuri, wakati mbuzi anangoja atimize mwaka.

#23 Mama Kigamboni

Siuzi, inanitosha mwenyewe tu. Ndiyo, wanaonenepesha kwa ajili ya Idd huanza miezi mitatu kabla, ila hao wanaongeza mashudu. Kwenye hilo namuunga mkono Binti Mifugo.

#24 Mzee wa Pugu

Na mimi narudia kwamba watano wamepauka kope, na uzi umelipita jambo hilo kama gari la mwendokasi lisilosimama kituoni. Peleka kinyesi kwenye maabara ya veterinari pale Temeke wahesabu mayai ya minyoo. Usinyweshe dawa kwa kubahatisha, kwa sababu minyoo inazoea dawa.

#25 Zizi la Chanika

Wakuu, leo imetimia wiki ya nne tangu nianze kujaribu, na kwa kuwa mmenipa muda wenu ni haki yenu mjue matokeo.

Niligawa zizi mara mbili. Kundi la kwanza ni kondoo watano, ambao wanapata majani makavu asubuhi, maganda yaliyochambuliwa jioni, gramu 120 za mashudu ya alizeti na majani ya lukina kiasi. Kundi la pili ni sita, ambao wanapata majani makavu na maganda, bila mashudu wala lukina. Wote wana chumvi na maji muda wote, na sasa ninaagiza viroba vitatu. Kundi la kwanza limeongezeka wastani wa kilo 1.8 na la pili kilo 0.6. Kinyesi kimerudi kuwa gololi kwa makundi yote mawili.

#26 Binti Mifugo

Hongera sana. Kiasi hicho ni gramu 64 kwa siku dhidi ya 21. Majani makavu yamerekebisha kinyesi kwa wote, na protini ndiyo iliyotenganisha makundi.

#27 Hesabu Kwanza

Si haraka hivyo. Kundi la kwanza limepata mashudu na lukina juu ya yale yale wanayopata wenzao, kwa hiyo limekula zaidi kwa jumla. Gramu 120 za mashudu ni uzito mkavu wa gramu 100 na ushee. Kama kundi la pili lingepewa gramu 120 za pumba ya mahindi badala yake, ndipo tungejua kama ni protini au ni shibe.

Na swali la mizani: uliwapima saa ngapi mara ya kwanza, na saa ngapi sasa? Tumbo la kondoo aliyekula linaweza kuongeza kilo mbili au tatu kwenye mizani.

#28 Zizi la Chanika

Kwenye jaribio hili nimewapima asubuhi kabla ya kula, mara zote mbili. Lakini ile miezi miwili ya mwanzo, kipimo cha kwanza nilikichukua jioni baada ya kula, na cha pili asubuhi.

#29 Hesabu Kwanza

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba walikuwa wakiongezeka tangu mwanzo, na tumejadili mabandiko ishirini na saba juu ya kudumaa kulikotokana na saa ya kupima.

#30 Mtu wa Muheza

Manyoya yaliyofifia na kinyesi laini havikutokana na saa ya kupima. Kulikuwa na tatizo tumboni.

#31 Mzee wa Pugu

Mleta uzi, naomba jibu la swali moja. Wale watano wa mashudu uliwachaguaje?

#32 Zizi la Chanika

Nilichagua waliokuwa dhaifu zaidi, mzee wangu. Wanne kati yao ni wale waliopauka kope. Majibu ya Temeke yalitoka wiki ile ile nilipoanza, mayai yalikuwa mengi, na daktari aliwanywesha dawa waliopauka wote, yaani wanne hao na mmoja wa kundi la pili.

#33 Mzee wa Pugu

Na huyo mmoja wa kundi la pili, ambaye amekunywa dawa na hajala mashudu, ameongezeka kilo ngapi?

#34 Zizi la Chanika

Kilo 1.5. Ila ndiye mdogo kuliko wote, bado ana meno ya maziwa. Kesho asubuhi nitawapima tena wote kabla ya kula, na safari hii nitaandika kila mmoja peke yake, pamoja na meno yake.